Hukumu ya Siku ya Kwanza

Uliiona ile alama. Usijifanye hukuiona. Tatu kati ya kumi, kwa rangi nyekundu, juu kabisa ya ukurasa, na chini yake ule utani wa shujaa anayekimbia kama aliyevamiwa na nyuki. Ulicheka, ukamtumia rafiki yako, naye akamtumia wake, kisha ukatia simu mfukoni ukaenda kula. Hukuuliza gemu lile lilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika kwenye kompyuta yako. Uulize ya nini? Kwako wewe gemu hushuka lenyewe kutoka hewani, na likishuka vibaya basi kuna wazembe mahali fulani, wasio na sura, wasio na mkwe, wasio na sahani za kuosha.

Ulicheka pia ile mara nyingine. Umesahau, lakini wapo wasiosahau. Lilikuwa gemu la mbio za magari, na waliolihamishia kwenye kompyuta waliitwa vipofu. Karakana yao ilifungwa kimyakimya, na chumba walichofanyia kazi leo kinauza magodoro. Basi safari hii kaa chini. Safari hii hupiti tu.

Nyumba ina watu wanne. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima ambaye haoni vizuri wala hakubali kwamba haoni vizuri. Mwanawe mkubwa ni fundi rangi, na kucha zake hazijapata kuwa na rangi yake mwenyewe tangu aoe. Mdogo wake ni mhakiki wa magemu katika jarida la mtandaoni. Ana maneno makali, na watu humsoma kuliko wanavyomlipa. Wa nne ni mke wa fundi rangi. Mtaa mzima unamwita Bi Kibodi, kwa sababu hata akisubiri maji yachemke vidole vyake hugonga meza kama anaandika.

Walijua kwamba Bi Kibodi anafanya kazi ya kompyuta, basi. Mkataba ulimkataza kutaja gemu analolishughulikia, hata kwa mumewe, na yeye ni mtu akifunga mdomo umefungwa. Alirudi nyumbani macho mekundu, akiulizwa anasema, "Kazi tu," anaingia jikoni.

Jioni ile mhakiki alisubiri watu washibe, ndipo akaweka mezani kompyuta mpakato ya ofisi, jitu zito lenye feni zinazovuma kama linataka kuruka.

"Mama, leo mwanao kasomwa mpaka nchi za mbali," alisema.

"Wamekulipa?"

"Wamenisoma, Mama."

"Mimi nimekuuliza kama wamekulipa."

Fundi rangi alicheka akapigapiga meza. "Soma basi, mdogo wangu, tusikie huo umaarufu usiolipwa."

Mhakiki akakohoa, akakaa wima. "Sikilizeni. 'Shujaa wetu, msichana mfua chuma, anapanda mlima kurudisha kengele iliyoibwa. Kwenye konsoli safari hii ilinitoa machozi. Kwenye kompyuta imenitoa jasho. Msichana anakimbia kama aliyevamiwa na nyuki. Mbwa mwitu anamuuma mara tatu kabla hajafika. Sumu inamuua kabla hajamaliza kukohoa. Waliohamisha gemu hili walifanya kazi wamefumba macho, na walipofumbua walikuta wameshalipwa.'"

Fundi rangi alishika mbavu. Mama alicheka pia, ingawa aliuliza konsoli ni mdudu gani.

"Ni kile kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni, Mama. Gemu hili lilikuwa la huko, na huko lilisifiwa mno. Wakalihamishia kwenye kompyuta. Likaharibika njiani."

"Kama fenicha."

"Kama fenicha iliyobebwa na walevi!"

Wakacheka upya. Bi Kibodi alikuwa amesimama na sahani chafu mikononi, moja juu ya nyingine. Hakwenda jikoni.

"Shemeji," alisema, "hiyo sumu. Inamuua upesi kiasi gani?"

"Ah, shemeji, hii si ya kusimulia, ni ya kuona."

Akaliwasha. Msichana mfua chuma alitokea kwenye theluji, nyundo mgongoni, na kidole cha mhakiki kilipogusa kibodi akachomoka, miguu haionekani. Nyoka mweupe akamgonga. Uso ukawa kijani. Ilisikika nusu ya kikohozi, na yule msichana akawa chini, kengele inabingirika pembeni. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha meza.

Bi Kibodi alikijua kikohozi kile. Alikuwa amekaa nacho siku nyingi kuliko alizokaa na mumewe. Katika karakana anakofanyia kazi kikohozi kilikuwa kirefu, kinakwaruza, na kabla hakijaisha msichana alikuwa na nafasi ya kuingiza mkono kwenye mkoba, kutoa dawa, kunywa. Amemnywesha ile dawa kwa mkono wake mwenyewe mpaka kidole kikaota sugu. Sasa alimwangalia amelala kwenye theluji na watu wa nyumbani kwake wanamcheka.

Aliweka sahani chini, juu ya kiti.

"Fungua mipangilio. Pale kwenye picha. Ibane isichore zaidi ya picha thelathini kwa sekunde."

"Ya nini?"

"Ibane tu, shemeji."

Akaibana. Msichana akatembea kwenye theluji, hatua moja baada ya nyingine, na theluji ikatoa ule mlio wake. Nyoka akamgonga. Kikohozi kikaja chote. Mkono ukaingia kwenye mkoba, chupa ikatoka, akanywa, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Muziki ukaanza, taratibu, ule ule uliomliza mhakiki kwenye konsoli.

Hakuna aliyecheka.

"Umejuaje?" mhakiki aliuliza.

"Wale walevi waliobeba fenicha," alisema Bi Kibodi, "mmoja wao ndiye aliyekupakulia chakula sasa hivi."

Akazichukua sahani zake akaenda kuosha.

*

Tatizo lilikuwa hivi, na hata wewe utaelewa. Konsoli za toleo moja zote zinafanana, nguvu zake zinalingana. Ile ya gemu hili huchora picha thelathini kwa sekunde, haipungui, haizidi. Waliolitunga mwanzo wakaona wasisumbuke kutia saa ndani yake: wakahesabu picha. Picha kadhaa zikipita, sumu inatafuna kipande cha uhai. Picha kadhaa, mbwa mwitu anauma. Kwenye konsoli hesabu ilikaa sawa. Lakini kompyuta yenye nguvu huchora picha maradufu na zaidi, na kila kitu kikaenda mbio maradufu na zaidi. Msichana hakuwa na nyuki. Alikuwa na saa mbovu.

Na karakana haikuliona hilo? Haikuliona. Mashine zake zilinunuliwa kutoka chuo kilichofunga milango, nyingine bado zina vibandiko vya wanafunzi, na hata ungezisukuma kwa bega zisingechora zaidi ya picha thelathini. Bi Kibodi aliuona ule mstari wa kuhesabu picha. Aliuona, akaujaribu, ukawa sahihi, akaujaribu tena, ukawa sahihi tena, akauacha. Kosa ni lake na hajalikana. Ila ni kosa la mtu ambaye hajapata kukaa mbele ya mashine nzuri.

Asubuhi yake aliwaeleza wenzake karakanani, juu ya duka la vioo, chumba ambacho mlango wake hufungwa kwa kiti. Bosi alisikiliza ameshika kichwa. Fundi wa sauti, waliyemwita Spika kwa sababu hajui kunong'ona, alipiga ukuta.

"Kikohozi changu! Nilikirekodi nina homa kweli! Nusu kikohozi!"

Simu ya kampuni inayomiliki gemu ikaingia kabla hawajakaa. Bosi akaiweka mezani wote wasikie. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tamu, sauti ya mtu aliyekunywa chai.

"Poleni sana, jamani. Tumeona yaliyoandikwa. Tumelazimika kutoa taarifa kwa wateja kwamba kazi hii ilifanywa na wakandarasi wa nje."

"Samahani," alisema Spika, na hata akijaribu kuwa mpole alisikika mpaka duka la vioo. "Tulipoomba majina yetu yatokee mwisho wa gemu mlisema hapana, sisi ni watu wa ndani, wa ndani hawatajwi. Leo tumekuwa wa nje?"

"Ndugu yangu, hayo ni ya kimkataba."

"Kosa tumelijua," alisema Bi Kibodi. "Ni saa ya gemu. Linarekebishika. Tunahitaji mashine yenye nguvu ya kujaribia. Tuliiomba tangu mwanzo."

"Bajeti mliikubali wenyewe, dada yangu. Kiraka cha kurekebisha hilo kosa tengenezeni, huo ni wajibu wenu, tutakitoa. Lakini kuhusu sehemu ya pili ya gemu, utaratibu mnaujua. Tunaangalia wastani wa wahakiki na wanunuzi kwa pamoja. Ukifika saba mwisho wa mwezi, kazi ni yenu. Usipofika, tutaagana kwa wema."

"Kwa wema," alisema Bosi.

"Kwa wema kabisa."

Simu ikakatika. Karakana haikuwa na kazi nyingine, na wote walijua. Sehemu ya pili ndiyo ilikuwa kodi ya kile chumba na mshahara wa kila aliyekalia kiti mle, ukiondoa kiti cha mlangoni. Gemu lilikuwa zuri. Wastani ulikuwa nne na ushei.

"Wapi tutapata mashine ya kulijaribia?" aliuliza Bosi.

Bi Kibodi vidole vyake vilikuwa vinagonga meza. "Najua ilipo," alisema. "Iko sebuleni kwa mama mkwe wangu."

*

Huko kazini kwa fundi rangi utani ulikuwa umefika kabla yake. Fundi mwenzake, kijana wa mabega mapana, alikuwa akimrushia kila anayeharakisha: "Vipi, nyuki?" Mtu akishuka ngazi upesi, "Nyuki!" Mtu akikimbilia chooni, "Nyuki hao!" Jana yake fundi rangi angecheka kuliko wote. Leo alikaa juu ya jukwaa anapaka ukuta ule ule mara ya tatu.

"Mbona umenuna?" mwenzake akamuuliza. "Wewe si ndugu yako aliyeandika? Mwambie ametumaliza!"

"Aliyeandika ni ndugu yangu. Aliyelihamisha ni mke wangu."

Brashi zikasimama. Mtu mmoja akakohoa, na kikohozi chenyewe kikafanana na kile cha gemu, ikawa vibaya zaidi.

"Basi mwambie mkeo," alisema yule mwenzake hatimaye, na hakuwa anatania, "kwangu gemu linaganda. Nimelinunua kwa hela ya kazi hii hii unayoiona. Kwenye kura ya wanunuzi nimebonyeza dole gumba la chini, na sijutii."

Fundi rangi alitaka kumwambia maneno. Badala yake akafuta mkono kwenye suruali, akatoa simu.

"Linaganda wapi?"

"Eh?"

"Nimekuuliza linaganda wapi. Niambie nimpelekee."

Mwenzake akamtazama kwanza aone kama ni ugomvi. "Kwenye daraja la kamba. Ukigeuka nyuma ukiwa katikati."

"Ukigeuka kulia au kushoto?"

"Kushoto. Kulia halina neno."

Alirudi nyumbani na daraja la kamba, na mlango wa hekalu usiofunguka aliopewa na mlinzi wa jengo, na malalamiko ya mpwa wa msimamizi kuhusu kipanya kinachoteleza. Mwanamume huyu hajui kuwasha kompyuta. Lakini alimkariria mkewe yote pale mlangoni, hata viatu hajavua.

*

Mhakiki alikataa.

"Shemeji, nielewe. Hii mashine si yangu, ni ya jarida. Nimewahakiki nyinyi, halafu niwape mashine? Mhariri akijua nimekwisha. Na hata asipojua, mimi nitajua. Siwezi kuandika uongo kwa sababu ya sahani ya chakula."

"Nani kakuomba uongo?" alisema Bi Kibodi. Alikuwa anamenya viazi na kisu hakikusimama. "Ulichoandika ni kweli. Sumu inaua upesi, umesema inaua upesi. Umenidhulumu neno moja tu: kufumba macho. Hatukufumba. Tulifumbua mpaka yakauma. Lakini hilo neno liache, halinilipii kodi. Nataka mashine, mchana, wewe ukiwa umekaa pale unaangalia, na ukitaka mwambie mhariri wako leo hii. Nikimaliza nataka macho yako. Likiwa bado bovu, andika bovu."

"Jarida letu halina desturi ya kurudi nyuma."

"Basi ni wakati lijifunze."

Mhakiki akamgeukia kaka yake. "Kaka, sema kitu."

"Nisemeje? Huyu mke wangu, wewe ndugu yangu. Mimi nitapaka huu ukuta." Na kweli ukuta ulihitaji rangi, umekaa hivyo tangu arusi yao.

Mama alikuwa amekaa na ile kompyuta mapajani. Hakuna aliyejua ameichukua saa ngapi. Alikuwa ameisogeza mpaka pua inakaribia kioo.

"Hapa pameandikwa nibonyeze pembetatu," alisema. "Pembetatu iko wapi?"

Bi Kibodi akaacha kisu. "Wapi, Mama?"

"Hapa, kwa huyu mzee wa kuuza chumvi. Ninataka kuongea naye. Ananiambia nibonyeze pembetatu. Nimetafuta kwenye hivi vidude vyote, kuna herufi, kuna namba, pembetatu hakuna. Au ndiyo hilo jicho langu mnalonisema?"

Si jicho. Pembetatu ni kitufe cha konsoli. Watu wa karakana walibadilisha alama zote ziwe za kibodi, wakamruka mzee wa chumvi, kwa kuwa kila mmoja wao alishajua kwa mazoea ni kitufe gani na hakuna aliyesoma tena. Mhakiki naye hakumwona. Alipita pale mbio, ana makala ya kumaliza.

"Mwenyewe hukuliona hilo," mama alimwambia mwanawe mdogo. "Na wewe ndiye mwenye macho."

Mhakiki alikaa. Akaangalia kile kioo, akamwangalia mama yake. "Jumamosi," alisema mwishowe. "Nikiwepo. Na nitamwambia mhariri."

Jumamosi sebule ikajaa. Bosi alikuja na nyaya, Spika alikuja na sauti yake, fundi rangi akasogeza makochi. Bi Kibodi alikaa mbele ya ile mashine kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba ya kitajiri, akagusa kibodi kwa woga kidogo, kisha woga ukamtoka. Aliing'oa ile hesabu ya picha akatia saa ya kweli mahali pake: sumu ihesabu sekunde, mbwa mwitu ahesabu sekunde, theluji yenyewe ianguke kwa sekunde. Kila aliposhika sehemu moja nyingine ililegea. Walipotengeneza mbio, kuruka kukaharibika, na msichana mfua chuma akaruka mara moja asirudi.

"Ameenda wapi?" aliuliza mama.

"Kwa Mungu," alisema Spika.

"Mrudisheni, hajamaliza kazi."

Wakamrudisha. Mhakiki ndiye aliyecheza, saa baada ya saa, hakusaidia wala hakusifu. "Daraja. Limeganda." Wanatengeneza. "Daraja. Limeganda tena." Wanatengeneza. "Nimegeuka kushoto. Nimegeuka kulia. Nimegeuka kushoto. Limepita." Hapo ndipo Bosi, mtu asiyecheka, alimkumbatia fundi rangi kimakosa, akadhani ni Spika.

Jua halijazama mama alipewa kibodi. Akatembea taratibu kwenye theluji. Nyoka akamgonga. Akakohoa na msichana, kikohozi kizima, akaitafuta dawa, akaipata, akanywa. Akaenda kwa mzee wa chumvi akabonyeza herufi aliyoambiwa. Mzee akaongea naye.

"Ana adabu," alisema mama.

*

Kiraka kikatoka. Kampuni ilikitangaza kwa mstari mmoja, bila kusema kimetengenezwa na nani. Kumbe wakandarasi wa nje walikuwa wamerudi ndani.

Mhakiki alilicheza gemu upya, tangu kijiji cha mwanzo mpaka kengele inapopanda mnarani, akaenda kwa mhariri wake mwenyewe, bila kuitwa. Mhariri ni mtu mwenye haraka. Huongea na wewe huku anamwandikia mwingine.

"Nataka kubadilisha alama," alisema mhakiki.

"Hatubadilishi."

"Gemu limebadilika."

"Hukumu ni ya siku ya kwanza. Siku ya kwanza ndiyo watu wanakuja kusoma. Leo nani atasoma? Wewe mwenyewe unajua."

"Lakini alama ile ile bado iko juu ya ukurasa. Mtu akifungua leo anaambiwa jambo ambalo leo si kweli."

"Weka mstari chini kabisa. Maandishi madogo."

"Kuna jambo jingine. Aliyelihamisha ni shemeji yangu. Sikujua nilipoandika. Na marekebisho yamefanyiwa kwenye mashine yetu, mbele yangu."

Hapo mhariri aliacha kuandika. "Kwa hiyo unataka nipandishe alama za gemu la shemeji yako."

"Nataka umpe mhakiki mwingine, yeyote, hata yule anayenichukia. Acheze, aandike anachokiona."

"Jumatatu linatoka gemu jingine. Hakuna mwenye muda wa kurudi nyuma." Akanyoosha mkono. "Na mashine iache hapa."

Aliiacha. Akarudi nyumbani na begi tupu begani, akamkuta Bi Kibodi jikoni. Alimweleza yote, hakuficha wala hakujitetea.

"Mstari gani chini kabisa?" aliuliza Bi Kibodi.

"Maandishi madogo."

"Madogo kiasi gani?"

"Mama hawezi kuyasoma."

"Mama hawezi kusoma chochote." Alicheka, na huyu ndiye niliyetaka umwone: akicheka, mwisho wa mwezi unakuja, karakana inaweza kuwa duka la magodoro. Akavuta kiti kwa mguu. "Kaa. Wahakiki hawarudi, tumejua. Wanunuzi je? Ile kura yao haifungwi. Mtu aliyebonyeza dole la chini anaweza kufungua leo akageuza. Na kampuni inawahesabu."

"Watu hawageuzi, shemeji. Wakishasema wamesema."

"Hawajaambiwa. Wewe ndiye uliyewaambia la kwanza. Waambie la pili."

Jioni ile mhakiki aliandika kwenye ukurasa wake binafsi, ambao hauhesabiwi na wastani wowote. Aliandika kwamba yeye ndiye mwenye utani wa nyuki, na kwamba mkono uliomlisha jioni ya utani ule ndio aliouita wa mlevi. Akaeleza saa mbovu, na mashine za chuo kilichofungwa. "Msiniamini tena mimi," alimalizia. "Fungueni wenyewe." Mhariri alimtumia onyo. Aliliacha andiko lilivyo.

Siku ya pili yake, juu ya jukwaa, yule mpaka rangi wa mabega mapana alimgusa fundi rangi begani. "Nimevuka daraja," alisema. "Nikageuka kushoto makusudi." Akatoa simu, vidole vimejaa rangi nyeupe, akafungua mahali alipobonyeza dole gumba la chini, akaligeuza. Simu ikabaki na alama ya rangi kwenye kioo. Akairudisha mfukoni akaendelea na ukuta.

Wastani ukapanda kidogo. Haujafika saba. Mwezi haujaisha.

Karakanani, juu ya duka la vioo, hawajakaa kusubiri. Bi Kibodi anang'oa kasoro zilizobaki, moja baada ya nyingine, na fundi rangi anamletea nyingine kila jioni mlangoni. Mama anauliza sehemu ya pili itatoka lini, kwa sababu yule mzee wa chumvi amemwahidi kitu.

Sasa ni wewe. Gemu lile bado limo kwenye kompyuta yako. Uliliacha pale pale msichana alipoanguka. Kiraka kimeshaingia chenyewe umelala. Dole la chini ulilobonyeza siku ile bado limesimama pale, linahesabiwa kila siku, linasema jambo la siku ya kwanza. Hatukuombi huruma, na sifa usizoziamini kaa nazo. Likiwa bovu, sema bovu, na useme ni wapi, kushoto au kulia. Ila usiseme leo kile ulichokiona juzi.

Weka hiki unachosoma chini. Usingoje kesho, utasahau. Ulisahau ile mara nyingine. Liwashe. Nenda kwenye theluji, mwache nyoka akugonge, sikiliza kikohozi mpaka mwisho. Halafu fungua ile kura yako uiandike upya, kwa mkono wako, sasa hivi.